Mkwaruzo kwenye Mstari wa 214

Mstari wa 214 ulisomeka hivi: "Usiende mbali, mpenzi wangu. Nyumba bila wewe ni kuta tu." Karatasi haikuwa na maelezo mengine. Kazi ya kuingiza sauti kwenye gemu ndivyo ilivyo: mistari huletwa kwa namba, si kwa mtiririko wa hadithi, na anayesoma nyuma ya kioo hajui anaongea na nani, wapi, wala kwa nini. Mke wa fundi sauti aliupitia mstari ule kwa macho, akavuta pumzi, akamtazama mumewe kupitia kioo, akausoma kama mtu anayemwona mwenzake akifunga mizigo. Mwongozaji wa sauti, ambaye kila mtu pale studio alimwita Madamu na ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alivua miwani akaifuta.

Ulipita mwaka mzima, gemu ikatoka, ndipo wakajua kwamba mpenzi mwenyewe alikuwa mbuzi.

Alikuwa mbuzi wa muuza dawa. Gemu yenyewe ilikuwa ya majoka, wachawi na mashujaa wenye panga ndefu kuliko miguu yao, na katika mji wake wa kwanza kulikuwa na mwanamke mnene mwenye duka la dawa za chupa. Mbuzi wake akilamba dawa ya kupaa, hupaa kweli, akatua juu ya paa na kugoma kushuka. Muuza dawa hutoka mlangoni, akamwinulia mikono na kumsihi kwa maneno yale. Wachezaji waliupenda mstari huo kuliko vita vya majoka. Wengine walikuwa wakimlambisha mbuzi dawa makusudi, wakavuta viti, wakakaa kusikiliza.

Mke alipoliona hilo mara ya kwanza kwenye televisheni ya sebuleni, alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka bila sauti. Wakati huo kisanduku cha sauti kooni mwake kilikuwa kimeshatolewa miezi minne kabla, pamoja na uvimbe uliokuwa ndani yake, na alikuwa akipumua kwa tundu dogo shingoni, alilolifunika kwa kitambaa chepesi.

Alikuwa amesoma mistari mia sita na kumi na moja, asubuhi mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Ndani yake mlikuwa na vifo arobaini, kwa sababu mchezaji mwovu anaruhusiwa kumuua muuza dawa kwa njia yoyote inayompendeza. Karatasi ilitaka kifo cha moto, cha sumu, cha kuumwa na nyuki wakubwa, cha kuanguka kutoka mbali na cha kuanguka kutoka karibu.

"Hivi viwili vya kuanguka vina tofauti gani?" aliuliza siku hiyo.

"Soma tu, Bi Chupa," alijibu Madamu, akimwita kwa jina la mhusika wake.

"Nisome vipi kitu nisichokijua? Wa mbali ana nafasi ya kujuta. Wa karibu anashangaa tu." Akafa mara mbili, moja kwa majuto na moja kwa mshangao, na mumewe akalazimika kusimamisha mashine kwa sababu Madamu alikuwa anacheka ndani ya rekodi.

Kicheko hicho mumewe alikikata. Alikata kila kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi. Pale studio walimwita Wembe, na jina hilo hakuliona kama tusi. Faili zake zilikuwa safi kuliko za fundi mwingine yeyote: hakuna pumzi, hakuna mate, hakuna kiti kinacholia, hakuna mtu anayemwambia mumewe "usisahau kupitia mkate" kati ya kifo cha nyuki na kifo cha sumu. Alipomaliza, kilichobaki kilikuwa maneno matupu yaliyoelea kwenye ukimya. Aliamini kuwa kazi nzuri ni ile isiyoacha alama ya mkono.

Jumanne moja Madamu alimwita ofisini.

"Kaa, Wembe."

"Nasimama tu, Madamu."

"Kaa. Sitaki uniangukie hapa nianze kumwita mtu wa kukuokota."

Akakaa.

"Wenye gemu wameongeza sura mpya," alisema Madamu. "Bi Chupa anahama mji. Ana mistari kumi na minne."

"Mke wangu hawezi..."

"Najua, kaka yangu. Ningekuwa sijui ningekwambia ukae?" Aligeuza kalamu mezani. "Mtu mmoja hawezi kuwa na sauti mbili. Nina msichana mzuri, ana koo kama filimbi. Atasoma hii kumi na minne, na ile mia sita na kumi na moja ataisoma upya. Sura mpya ikitoka, ya zamani inafutika kwenye kila mashine. Sipendi, lakini ndiyo hivyo."

Wembe aliitazama karatasi ya mistari mipya. Aliisoma yote mara moja, akaanza kuhesabu maneno.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Nitaitengeneza kutoka kwenye rekodi zilizopo."

"Maneno mapya utayatoa wapi?"

"Silabi zote zimo. Ni kazi ya kukata na kuunga."

"Wewe sasa si fundi, ni mganga." Madamu alimsogezea karatasi. "Ijumaa saa nne asubuhi. Saa nne na dakika moja namwita msichana."

Jumatano ilikuwa siku ya shemeji. Mdogo wake mke alikuwa fundi bomba, na kwa kuwa Jumatano hakuwa na kazi, alikuja kucheza gemu kwa dada yake. Alisema anafuata televisheni kubwa. Ukweli ni kwamba alikuwa anafuata sauti ya dada yake, na wote watatu walilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Wembe alipoingia, aliwakuta wote wawili wameegemea mbele. Mke alikuwa na kibao chake cheupe mapajani na kalamu ya wino mkononi. Kile kifaa cha kuongelea, cha kushika shingoni, ambacho hospitali ilimpa alikijaribu siku moja tu, akakirudisha kwenye boksi na kuandika: *Nasikika kama lile jitu la mawe la kwenye gemu.*

"Shem, njoo uone," alisema fundi bomba. "Nimegundua kitu. Mkeo ananunua chochote unachomletea. Sasa angalia, nachukua kigoda alichokalia."

Kwenye skrini, shujaa mwenye kofia ya pembe alichutama, akachomoa kigoda chini ya muuza dawa, akakiweka kaunta. Muuza dawa alibaki ameketi vilevile, hewani.

*"Bidhaa safi hii,"* alisema kwa sauti nzito, tamu, yenye kicheko kilichojificha nyuma yake. *"Umeitoa wapi, msafiri?"*

"Chini yako, dada!" Shemeji alijipiga paja. "Nimeitoa chini yako! Juzi nimemuuzia mlango wake mwenyewe. Sasa hawezi kufunga duka, mbwa mwitu wanaingia, na kila mmoja anakaribishwa."

Mke aliandika upesi, akainua kibao: *Mimi ni mfanyabiashara. Sichagui wateja.*

"Unaona anavyojitetea?"

Akafuta, akaandika namba: *88*. Shemeji aliguna, akaielekeza kofia ya pembe kwenye rafu ya chupa na kugusa moja.

*"Mikono yako michafu, usinishikie chupa,"* alisema muuza dawa.

"Nimenawa, dada! Mabomba ya leo yalikuwa ya maji safi!"

Akaandika tena: *88.*

Mistari yote mia sita na kumi na moja alikuwa anaijua kwa namba. Shemeji asipokuwepo aliishika rimoti ya gemu mwenyewe, akamtembeza shujaa polepole mpaka dukani na kumfanya asimame pale, na mtu akiwa jikoni angeweza kudhani kuna wanawake wawili wanaongea sebuleni.

Wembe aliwaeleza. Alieleza kwa mpangilio: sura mpya, mistari kumi na minne, msichana, Ijumaa. Shemeji aliweka rimoti chini.

Mke aliandika: *Ukishindwa?*

"Wanaingiza mtu mwingine. Mistari yote."

Mke alifuta kibao. Kisha akaandika kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake: *Wasinitoe. Hapo ndipo ninapoongea.*

"Sitashindwa," alisema Wembe.

Alhamisi alifika studio kabla ya mfagizi. Tatizo la kwanza alilikuta ndani ya saa moja, na lilikuwa la kujitakia. Faili zake safi hazikuungika. Alikuwa amezinyoa mno. Kila neno lilikatika pale lilipoanza na pale lilipoishia, na ukiweka mawili pamoja yaligongana kama sahani. Ili maneno yaungane kama ya mtu aliye hai, alihitaji pumzi alizozitupa. Kwa bahati rekodi ghafi zilikuwa bado kwenye diski ya akiba kabatini. Aliichomeka, akavaa hedifoni, akaanza kuchota humo.

Kazi ilikwenda. Kufikia saa nne alikuwa na mistari tisa. Alipata "mji mpya" kutoka kwenye laana moja na methali ya uongo aliyotungiwa muuza dawa. Alipata "mbuzi" kutoka mstari wa 19, ambao mkewe aliusoma akidhani anatukana mtu. Njiani alisikia vitu alivyovisahau: anaomba maji, anamtania Madamu kuhusu viatu, anauliza saa ngapi. Mstari wa kumi ulihitaji neno "wewe" lenye mshuko wa huzuni. Alijua lilipo. Alifungua rekodi ghafi ya 214.

*"Nyumba bila wewe..."*

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kwenye silabi ya pili ya "wewe" kulikuwa na mkwaruzo. Ulikuwa mdogo mno, kama ukucha unaopita juu ya karatasi, wa chini ya nusu sekunde. Kwa sikio la kawaida usingesikika. Katika faili safi haukuwepo. Basi aliufuta, na alitaka kujua aliufuta kwa njia gani ili aufute tena vilevile. Akafungua daftari la kazi ambalo fundi hujaza kwenye kompyuta kila siku.

*14 Machi. Mst. 214: mkwaruzo kwenye "wewe". Nimesafisha.*

Chini yake: *18 Machi. Mst. 221, mkwaruzo mwisho wa sentensi. Nimesafisha. 18 Machi. Mst. 230, kama juu.* Aliteremka. Aprili ilikuwa na ishirini na moja. Mei ilikuwa na thelathini na minne. Juni alikuwa ameacha kuandika maelezo na kuweka alama tu. Mwezi wa Julai, inaonekana, alichoka kurudia hatua zilezile, akaziunganisha zote ziwe amri moja ya kubofya mara moja. Amri kama hizo hupewa jina ili zisichanganywe. Hii aliipa jina *Koo la mke*.

Alihesabu alama zote. Zilikuwa mia moja sitini na tatu. Alihesabu mara ya pili, kwa sababu ndiyo tabia yake, zikawa mia moja sitini na tatu.

Daktari alikuwa amewauliza swali moja katikati ya Oktoba, katika chumba kidogo chenye mizani na kalenda. Sauti ilianza kukwaruza lini? Mke alisema wiki tatu hivi, labda nne. Daktari akamgeukia mume: wewe mwenzake, hukusikia kitu kabla ya hapo? Naye akasema hapana, wiki tatu. Hakudanganya. Alichokisikia Machi kilikuwa ndani ya faili, na kilichokuwa ndani ya faili kilikuwa kasoro, na kasoro ukishaisafisha haipo. Daktari aliandika "wiki tatu". Baadaye, walipokwishaonyeshwa picha za uvimbe, aliwaeleza kwa upole kwamba ukikutwa mdogo kwenye nyuzi za sauti, mara nyingi mionzi peke yake hutosha na mgonjwa hubaki na sauti yake. Huu haukuwa mdogo tena.

Wembe alivua hedifoni, akaziweka mezani, waya ukielekea upande wake kama anavyoziweka siku zote. Kisha akazivaa tena na kumaliza mistari mitano iliyobaki. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Hata yeye hakuweza kusikia maungio.

Alifika nyumbani saa tisa alasiri na kompyuta begani. Mke alikuwa anakunja nguo. Alimvalisha hedifoni, akamchezea yote kumi na minne. Alipofika wa tatu alianza kupiga goti kwa vidole. Alipofika wa kumi na minne, ambapo muuza dawa anafunga mzigo wake na kumwambia shujaa amwangalizie mbuzi, machozi yalikuwa yamefika kidevuni, naye anatabasamu. Alitafuta kibao.

*Ni mimi kabisa. Umeniweka.*

Hapo angeweza kunyamaza. Daftari la kazi halisomwi na mtu mwingine, na diski ya akiba ilikuwa na ufunguo mmoja. Alilifikiria hilo kwa muda wa kutosha kujua kwamba amelifikiria. Kisha akafungua daftari kwenye skrini, akalisogeza mbele yake.

"Soma," alisema. "Anzia Machi."

Alisoma. Alikuwa msomaji wa haraka, lakini safari hii kidole kilifuata kila tarehe. Alipofika Julai, kidole kilisimama kwenye jina la ile amri, kikakaa hapo.

Kwa ishara aliomba mstari wa 214, ule ghafi. Wembe aliucheza. Akaomba uliosafishwa. Akaomba ghafi tena. Halafu akavua hedifoni taratibu, akaukunja waya.

Aliandika sentensi ndefu kwenye kibao, akaitazama, akaifuta kwa kiganja kabla hajaigeuza. Akaandika neno moja.

*Machi.*

"Ndiyo."

*Ulisikia.*

"Nilisikia."

*Ukaona ni nini?*

Alitafuta jibu bora, akakuta lililopo ni moja tu. "Niliona ni kasoro ya faili."

Mke alitikisa kichwa juu na chini, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akaandika: *Kila siku jioni ulikuwa unakuja kukaa hapa na mimi.*

"Mke wangu..."

*Mlete huyo msichana.*

"Mistari imekamilika. Umesikia mwenyewe, ni wewe kabisa. Kesho saa nne naipeleka na hakuna atakayekutoa."

Alifuta kwa utulivu, mpaka kona. *Nikiisikia sasa nasikia mkono wako tu. Mlete.*

Wembe alimsihi. Hakuwa na mazoea ya kusihi na alifanya hivyo vibaya, kwa kutoa hoja. Mke alirudi kwenye nguo zake, akakunja shati la mumewe, mikono kwanza kama anavyolipenda, akaliweka juu ya mengine. Ijumaa saa nne Madamu alimpigia msichana simu.

Kwa siku kumi na moja mke alimwandikia mumewe maneno matano, na Wembe aliyajua yote: *chumvi, umeme, shemeji anakuja, hapana.* Jumatano shemeji aliwasha gemu kama kawaida. Dada yake aliinuka akaenda chumbani akafunga mlango, na kwenye skrini muuza dawa alikuwa akimkaribisha msafiri. Fundi bomba alizima. Alimtazama shemeji yake, akaenda kutazama bomba la jikoni ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Siku ya kwanza ya rekodi mpya, mke alikuja studio. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa kitambaa cha bluu shingoni na kibao kwapani, akamsalimu Madamu kwa kumshika mikono yote miwili, akavuta kiti mbele ya kioo. Mumewe alikuwa hatua mbili kutoka kwake, kwenye mashine. Hakumtazama.

Msichana alikuwa na ishirini na kitu, mchangamfu, na kweli alikuwa na koo kama filimbi. "Shikamoo, mama," alisema kwenye kipaza sauti. Mke alimpungia. Walianza na mistari iliyopendwa zaidi, kwa hiyo wa 214 ulikuja mapema. Msichana aliupitia kwa macho, akainamisha uso, akausoma kwa uchungu wote wa mtu aliyeachwa.

Mke aligonga kioo kwa kalamu. Akaandika, akakibandika kibao kwenye kioo: *NI MBUZI.*

"Nini?"

"Ni mbuzi, mwanangu," alisema Madamu. "Yuko juu ya paa."

Msichana alicheka mpaka akalalia stendi. Wembe aliiacha rekodi iendelee. Kicheko chote kiliingia. Alipotulia, akajifuta macho na kusema sasa ameelewa, ausome kwa utani. Mke alitikisa kichwa kukataa. Aliandika tena, polepole.

*Usome hivyohivyo ulivyousoma.*

Akausoma. Wakaendelea na wa 215, wa 216. Kwenye wa 219, mwisho wa sentensi, Wembe alisikia. Ulikuwa mkwaruzo mwembamba, usiofika nusu sekunde. Mkono wake ulikwenda wenyewe mahali unapokwenda siku zote, kwenye ile amri ya kusafisha, na ukafika. Kisha akauondoa, akabonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha ndani.

"Koo lako linauma?"

"Hapana, kaka," msichana alisema. "Kwani nimekosea?"

"Limeanza lini kukwaruza?"

"Kukwaruza? Halikwaruzi." Alicheka kidogo, akamtazama Madamu. "Labda maji ya baridi tu. Tuendelee?"

Wembe hakuendelea. Kidole chake kilibaki kwenye kitufe. "Nimeuliza lini," alisema, na sauti yake haikutoka kama alivyokusudia.

Madamu aligeuka. Mke pia aligeuka, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Akamtazama usoni, kisha akautazama mkono uliokuwa kwenye kitufe. Hapakuwa na msamaha katika macho yale. Akageukia kioo, akafuta kibao, akaandika neno moja na kumwinulia msichana.

*Mjibu.*